Mwaka wa Herufi Zisizogeuka

Tulimzika Mzee Gunda siku ya Ijumaa, kwake Shelui, na Jumatatu asubuhi nilikuwa nimesharudi Dodoma, nimekaa mwisho wa meza ndefu ya ofisi yetu yenye wasanifu na wachoraji zaidi ya arobaini, nasikiliza vijana wakilalamika. Kampuni inayotuuzia programu ya kuchorea majengo ilikuwa imemtuma mtu aje kukusanya kero na matakwa yetu, na vijana hawakumwonea haya. Mmoja alisema jengo la ghorofa nane linachukua dakika kumi kufunguka, chai yake inapoa kabla ukuta wa kwanza haujatokea. Mwingine alisema wakiwa watano ndani ya mchoro mmoja, mtu wa mabomba anahamisha ukuta na mtu wa umeme haambiwi, kila mmoja anaendelea na ukuta wake. Kisha binti mmoja hodari, mwenye miezi minane tu kazini, akasema yeye ana ombi moja. Kila akifanya badiliko kubwa, programu inamtolea kisanduku cha onyo, na yeye anakibonyeza bila kukisoma ili kiondoke. "Kiondoeni tu," alisema. "Kinatuchelewesha, na tunajua tunachofanya." Wenzake wakampigia makofi, mtu wa kampuni akaandika. Mimi, mwanamke wa umri wangu, bosi wa watu wote wale, ikabidi nitoke nje nisimame kwenye ngazi. Maneno kama yale niliyasema mimi, Singida, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu.

Habari za nyumbani kwetu, za baba na duka lake la vitenge pale sokoni, nitaziacha. Hazina mkono katika jambo hili. Naanzia siku nilipoingia ofisi ya mradi nikiwa na cheti changu cha fundi sanifu kwenye bahasha ya kaki, viatu vimejaa vumbi, na upepo wa Singida umenivuruga ushungi. Mradi ulikuwa wa wafadhili wa nje, ukijenga zahanati na madarasa mkoa mzima, na kwa kipimo chetu ilikuwa ofisi kubwa: watu ishirini na wawili, jengo refu lenye madirisha ya vioo vya kupishana, na katikati chumba cha wachoraji chenye meza za mwinuko ambazo ukizisimamia kutwa nzima kiuno kinalia. Wachoraji tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa Mzee Gunda, Mnyiramba mfupi mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi mshono wake ungeweza kukukata, ambaye siku ya kwanza alinitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Kumbe wameniletea binti wa dukani. Haya, unajua kupima, au unajua kukata vitambaa tu?" Nikamwambia vyote viwili vinahitaji rula. Hakucheka, lakini alinionyesha meza yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu ambao leo nikiwaeleza vijana wananitazama kana kwamba nawasimulia habari za enzi za mkoloni. Kila jengo lilikuwa na ramani mama moja, moja tu, iliyochorwa kwa wino juu ya tresing, ile karatasi inayopenyeza mwanga. Ilikaa kwenye droo pana za bati. Ukiitoa, unaacha kadi yenye jina lako mahali pake, hivyo kila mtu anajua iko kwa nani. Ukitaka kubadili kitu unakwangua wino taratibu kwa wembe, unachora upya, unaandika pembeni tarehe na jina. Nakala zilitolewa kwenye chumba cha amonia, ambacho harufu yake ilikutoa machozi hata kama huna msiba, na kosa la kawaida kuliko yote lilikuwa kuiingiza tresing kwenye mashine ikiwa imelala kifudifudi. Jengo lote linatoka limegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Lakini huwezi kulikosa kosa hilo, kwa sababu herufi nazo zinatoka kinyume. Mzee Gunda aliniambia wiki ya kwanza kwamba kazi ya kwanza ya mkaguzi, yaani yule anayeupitia mchoro wa mwenzake na kuutia saini, ni kuangalia herufi zinatazama wapi. Yeye aliangalia mara moja, kwa mbali, akiwa bado anatafuna, na kama zimegeuka alikurushia karatasi bila kusema kitu. Alijivuna mno. Kwa miaka thelathini na moja, alisema kila alipopata mtu wa kumsikiliza, hakuna ramani yake hata moja iliyowahi kurudishwa na mkaguzi.

Kompyuta ilikuja baada ya masika, siku zile ambazo kila kitu kilikuwa kinakuja: mitumba, soda za makopo, madishi ya televisheni juu ya mapaa ya wenye nazo, na vyama vipya vyenye bendera ambazo hatujazizoea. Ilipewa chumba chake. Kikawekwa zulia, pazia zito, na kiyoyozi ambacho ofisi nzima, akiwamo Injinia mwenyewe aliyekuwa mkuu wetu, haikuwa na cha pili chake. Kwa sababu ya vumbi tuliamriwa kuvua viatu mlangoni, na hapo ndipo Mzee Gunda alipokwama. Alikataa kata kata kuvua viatu. Alisema yeye havui viatu mbele ya televisheni. Mama Ntandu, aliyetupikia chakula cha mchana kwenye banda la nyuma, ndiye aliyeninong'oneza sababu: "Soksi za mzee zimetoboka, binti yangu. Mke wake yuko kijijini kwenye mavuno." Nilicheka hadi nikapaliwa na mlenda. Kwa hiyo mwaka wote ule Mzee Gunda alifanya kazi ya kompyuta akiwa kizingitini, shingo ameinyoosha ndani, viatu vyake vinavyong'aa vimesimama kwenye saruji.

Kijana aliyetufundisha alitoka Dar es Salaam, akiitwa Deo, mpole na mvumilivu kuliko umri wake. Nilijifunza haraka, na sitajifanya sikufurahia. Ukuta ambao ulinichukua asubuhi nzima kwa wino sasa ulikuwa mibonyezo miwili. Lakini kero zilikuwapo, na ni ajabu jinsi zilivyo zile zile. Umeme ukikatika, kazi ya tangu asubuhi inakwenda na maji. Kuchapa karatasi moja kubwa kulichukua saa nzima, kalamu ya mashine inapita inarudi, na kama wino umekauka katikati unaanza upya. Na kubwa kuliko zote, hapakuwa tena na ramani mama. Kulikuwa na diski. Mkadiriaji gharama anachukua nakala kwenye diski yake, mtu wa mabomba ana yake, Injinia ana yake kwenye droo, na mimi nina tatu, zote zimeandikwa ZAHANATI, na hakuna kadi iliyoachwa popote. Siku moja nilikuta tuna zahanati moja yenye milango sita, saba na minane, kutegemea umeuliza nani.

Kilichoniudhi mimi binafsi kilikuwa kidogo. Mara nyingi tulihitaji kuligeuza jengo, kwa mfano barabara inapokuwa upande mwingine wa kiwanja, na programu ilikuwa na amri ya kufanya hivyo. Ila ilipogeuza jengo iligeuza na maandishi, kama ilivyokuwa kwenye amonia, na mimi nilibaki nafuta neno moja moja na kuliandika upya, chumba kwa chumba. Nikamuuliza Deo kama maandishi hayawezi kubaki wima. Akaandika amri fulani, akabadili namba moja ikawa sufuri, akasema, "Tayari, dada." Nikajaribu. Jengo likageuka na herufi zikabaki zinasomeka vizuri, na mimi nikapiga kelele ya furaha iliyomleta Mzee Gunda mlangoni. Nilipomwonyesha alinyoosha shingo, akaikazia macho skrini. Kisha akawaka. "Rudisha," alisema. "Mnamvua ng'ombe kengele halafu mnafurahi kwamba hapigi kelele. Nitajuaje kama limelala kifudifudi?" Nikamjibu kwa adabu ya midomo tu kwamba tutajua, kwa sababu sisi ndio tunaoligeuza. Deo alitabasamu, akatazama zulia.

Wiki hiyo hiyo nilisikia kitu ambacho hakikuwa changu kusikia. Nilikuwa kwenye stoo ya karatasi, nyuma ya ukuta wa plaiwudi wa ofisi ya Injinia, nahesabu mabunda ya tresing ambayo hakuna aliyeyahitaji tena. Afisa utumishi alikuwa anasema wafadhili wanataka wachoraji wapunguzwe, abaki mmoja, na jibu wanalitaka kabla mwaka haujaisha. "Abaki nani?" Injinia akauliza. "Anayejua mashine," akajibu afisa. Injinia akasema, "Mzee ana jina. Huwezi kumtoa mtu ambaye hajawahi kurudishiwa ramani. Tungoje, tuone." Nilibaki nimesimama na bunda mikononi. Nilifikiri watu wazima waliopanga maisha ya watu wengine walikuwa wanafanya hivyo kwa vikao na mihtasari, na kumbe wanafanya huku wanamenya machungwa. Nilikuwa nasikia harufu ya maganda.

Nilitoka mle mtu mwingine. Siyo kwamba nilimchukia Mzee Gunda. Nilitaka kubaki, basi, na tangu siku ile kila nilichofanya nilikifanya huku nikijitazama kwa macho ya Injinia. Deo alipokaribia kuondoka alituachia karatasi ya kero na matakwa ili kampuni yake iyapeleke kwa watengenezaji wa programu, na mimi nikapewa kazi ya kukusanya. Nilizunguka ofisi nzima. Mkadiriaji gharama alitaka programu imwambie nani alibadili mchoro mara ya mwisho. Mtu wa mabomba alitaka isimruhusu mtu kufungua nakala ya zamani. Mzee Gunda, kutoka kizingitini, alinitolea imla kama hakimu: "Andika. Jengo likigeuzwa, herufi zigeuke. Kama haziwezi kugeuka, basi litokee jambo lolote la kumshtua mtu." Nikaandika. Jioni, nilipokuwa nachapa orodha safi ya kumpelekea Injinia, nikalitazama ombi lile, nikaona jinsi litakavyoonyesha kwamba mapinduzi yangu madogo yana dosari. Nikaliacha. Orodha ilikwenda na matakwa kumi na moja badala ya kumi na mawili, na Injinia alinisifu kwa unadhifu wake.

Mwezi uliofuata zilikuja zahanati mbili kwa pamoja, ya Issuna na ya Kinyangiri, zote za ramani ile ile ya mfano. Viwanja alikwenda kuvitazama Mzee Gunda mwenyewe. Cha Issuna barabara ilikuwa upande wa pili, kwa hiyo jengo lilihitaji kugeuzwa. Cha Kinyangiri likae lilivyo, chumba cha kujifungulia mashariki, kwa sababu magharibi ya kiwanja yalipita mapito ya ng'ombe wa vijiji vitatu kwenda kwenye josho. Alinieleza yote hayo vizuri, alichora hata kwa kidole mezani. Niligeuza ya Issuna, nikaitia kwenye diski. Ya Kinyangiri ilikuwa kwenye diski nyingine. Asubuhi ya kupeleka karatasi, gari liko nje, dereva anapiga honi, nilichomeka diski, nikabadili jina la kijiji pale chini, nikachapa. Mzee Gunda alikuwa ndiyo kwanza amefika. Nilimkimbilia na karatasi na kalamu. "Mzee, saini tu, gari linaondoka." Aliitazama. Nakumbuka kabisa kwamba aliitazama. Macho yake yalipita juu ya maneno KASKAZINI na CHUMBA CHA KUJIFUNGULIA, yote yamesimama wima, yanasomeka, na jicho lililozoeshwa miaka thelathini na moja likatulia. Akasaini kwenye kisanduku cha mkaguzi, juu ya boneti ya gari.

Nilikwenda Kinyangiri miezi miwili baadaye, ukaguzi wa kawaida wa ujenzi. Siku hizo ilikuwa bado Wilaya ya Iramba, na barabara kutoka Iguguno ilikuwa imekatwakatwa na mvua. Niliona kuta zimefika kwenye lenta, usawa wa juu ya milango, na nikafurahi, matofali yamepangwa vizuri, mawe ya msingi yaliyobebwa na kina mama vichwani. Nikaikunjua karatasi yangu nikaanza kulinganisha. Mlango upo. Dirisha lipo. Kila kitu kilikuwa kama kilivyoandikwa. Kisha kundi la ng'ombe likapita, karibu kiasi kwamba vumbi lake lilinijaa mdomoni, na nikageuka kuona linapita wapi. Lilikuwa linapita mbele ya dirisha la chumba cha kujifungulia. Nilisimama pale nimeshika karatasi isiyo na kosa mbele ya jengo lisilo na kosa, na ilinichukua muda, sijui kiasi gani, kuelewa kwamba vyote viwili vimelala kifudifudi. Nilikaa juu ya rundo la mchanga kama mgonjwa.

Nesi Raheli, mwuguzi wa kijiji aliyekuwa akizalisha wanawake kwenye chumba cha kuazima, alinikuta hapo akaniletea maji. "Tulishangaa sisi," alisema. "Yule mzee alituonyesha kwa mguu wake, hapa watakaa wazazi, kule stoo. Halafu karatasi ikaja inasema vingine." Nikamuuliza kwa nini hawakusema. Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la mtoto. "Ilikuwa na muhuri, binti. Na sahihi yake mwenyewe. Tukasema wakubwa wamebadilisha, wana sababu yao." Nikaambiwa kwamba siku ya kuchimba msingi wanaume wawili walibishana kuhusu jambo hilo, na mwenyekiti akawanyamazisha kwa kuwaonyesha ile sahihi.

Niliporudi na habari hiyo Injinia aliitisha kikao, na tulikuwa wanne: Injinia, afisa utumishi, Mzee Gunda na mimi. Sikulala usiku uliotangulia na niliingia nimeamua. Kabla hajauliza mtu nilisimama nikasema yote. Kwamba nilichapa diski ya Issuna nikaandika Kinyangiri. Kwamba herufi kubaki wima niliomba mimi. Kwamba Mzee alipinga, akaandikisha pingamizi lake, na mimi nikaliacha makusudi kwenye orodha. Kwamba nilimharakisha kusaini. Nilifika mwisho, nikangoja nifukuzwe. Nilikuwa tayari, karibu naona nafuu. Injinia aliuliza, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. "Kaa." Akaisukuma ile karatasi mbele ya Mzee Gunda. "Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulikagua?"

"Niliitazama."

"Nimeuliza kama ulikagua, Mzee."

Mzee Gunda alinyoosha mkunjo wa suruali yake gotini, mara mbili. "Hapana," alisema.

Injinia akanigeukia. Maneno yake nayasikia hadi leo, kwa kuwa hakuyasema kwa ukali. "Ningekufukuza wewe, Mwajuma. Unastahili. Lakini nikikufukuza, ile mashine ataiwasha nani?" Na hapo hapo, mbele yangu, afisa utumishi akaanza kuandika barua ya Mzee Gunda. Sababu ilikuwa neno moja, uzembe. Nilikuwa nimeamini, kwa ujinga wa miaka yangu, kwamba ukweli ukisemwa unafanya kazi, kama swichi. Kumbe nilikuwa nimesema ukweli wote na ukweli ukapita juu ya kichwa changu ukamwangukia mwingine. Mchana ule Mzee Gunda alikaa kwa Mama Ntandu akala ugali wa uwele sahani nzima, akaomba mlenda wa kuongeza, akala na huo. Nilimsogelea nikamwambia, "Shikamoo, Mzee." Aliendelea kutafuna. Nikarudia. Akanawa mikono, akafuta vidole kimoja kimoja, akaondoka. Sijawahi, kabla wala baada, kunyimwa marahaba. Kwetu huwezi kumfanyia mtu jambo zito kuliko hilo bila kumgusa.

Wiki zilipita. Nikahamishiwa meza yake, iliyokuwa karibu na dirisha, na nikawa mchoraji pekee, nikisaini kisanduku cha mchoraji huku Injinia akisaini cha mkaguzi bila kuinua kichwa. Fedha ya kubomoa Kinyangiri haikuwapo, na ujenzi ukasimama kwenye lenta. Kisha asubuhi moja nikasikia viatu ninavyovifahamu kwenye korido. Mzee Gunda alisimama upande wa wageni wa meza yake mwenyewe, amebeba bomba la karatasi kwapani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," alisema. "Nina ramani ya kukaguliwa."

Alikuwa amepanda malori hadi Kinyangiri kwa nauli yake, akalala kwa Nesi Raheli na mume wake siku nne, akapima kila ukuta kwa kamba. Hakuna kilichopaswa kubomolewa isipokuwa matofali machache. Stoo, ambayo sasa ilikuwa mashariki, ilitosha kuwa chumba cha kujifungulia ikitobolewa dirisha na mlango upanuliwe; kile chumba cha upande wa ng'ombe kiwe stoo, kizibwe dirisha. Ilichorwa kwa wino juu ya tresing, mistari miembamba iliyonyooka, kazi ambayo mashine yangu haikuwahi kuifikia kwa uzuri. Injinia alikuwa amekubali, akaagiza niikague mimi. Nilisikia aibu hadi kwenye kucha. Nikachukua kalamu nisaini hapo hapo, nimwondolee adha ya kusimama. Mzee Gunda akaweka kiganja chake juu ya kisanduku.

"Kagua," alisema.

"Mzee, kazi yako mimi nitaikagua nini?"

"Kagua, Mwajuma." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina.

Nilichukua rula. Nilimkaribisha kiti akakataa. Nilipima ukuta kwa ukuta, nikihesabu kwa sauti ya chini, naye amesimama mikono nyuma kama mtu anayengoja dawa dirishani. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Vyote vilikuwa sawa, na kila kilipokuwa sawa nilishukuru. Kisha nikafika kwenye mlango mpya. Nikapima mara tatu, nikitumaini nimekosea mimi. Kumwamkia mzee nilifundishwa, kumpisha kiti nilifundishwa, lakini hakuna aliyewahi kunifundisha sentensi niliyotakiwa kuisema.

"Mzee," nilisema, "huu mlango unafungukia ndani. Ukifunguka unagonga kitanda. Mama akiletwa amebebwa, hapiti."

Alizunguka meza akaja upande wangu. Aliinama, akaweka kidole kwenye mlango, akakizungusha taratibu hadi kikagusa kitanda. Akarudia. Nilidhani atanirukia, au ataondoka kama siku ile. Alitoa wembe mfukoni, akaukwangua ule mlango, akapuliza vumbi la wino, akauchora ukifungukia nje. Mkono wake ulikuwa imara. Kisha akavuta kiti alichokikataa, akakaa, na uso wake ukawa na kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Nilidhani hazirudi kwa sababu ni nzuri."

Sikumwelewa.

"Hawakuwa wanaangalia," alisema. "Walikuwa wanaona jina langu, wanasaini." Akazitazama droo za bati, safu baada ya safu, shule na zahanati na nyumba za walimu za mkoa mzima. Watu walikuwa ndani ya majengo yale wakati ule, wanafundisha, wanazaa. "Ya Itigi nani aliikagua?"

Nilisema sijui.

"Ya Manyoni?"

Niliisaini ramani ya Kinyangiri kwenye kisanduku cha mkaguzi, chini ya jina lake. Kisha nikafunga mlango wa chumba, nikaivuta droo ya kwanza, nikaandika majina yetu wawili kwenye kadi, nikaiacha mahali pa ramani, na tukaanza na Itigi.